Ipitishe Mara Mbili

Wifi yangu alikuwa na mdomo, na nalisema hili mapema ili mtu asidhani nasimulia habari za malaika. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari mpaka alipostaafu, mke wa mdogo wangu wa kiume, na tangu alipoingia katika nyumba yetu tulitaniana bila huruma. Mimi nilimwambia kwamba mtu asiyejua kushona kifungo hana haki ya kufundisha watoto wa watu. Yeye alisema kila akinitazama ninavyokata kitambaa kwa kukisia, anamwonea huruma mwenye mwili. Wateja waliokuja kuchukua nguo zao walidhani tunagombana, wakaharakisha kuondoka.

Tulifanya kazi kwenye meza moja. Ni meza ndefu ya mbao chini ya dirisha la sebuleni, na dirisha hilo ndilo pekee lenye mwanga wa kutosha kutunga uzi kwenye sindano. Upande wa kulia ilikaa cherehani yangu, mkasi na lundo la nguo za watu. Upande wa kushoto ilikaa kompyuta yake, kuukuu, betri imechoka kiasi kwamba ukichomoa waya inaanza kukata roho. Nilimlalamikia kwamba vidole vyake vinagonga kama mvua ya mawe. Alinilalamikia kwamba cherehani yangu inanguruma mpaka pembetatu zake zinatetemeka.

Alikuwa anaandika kitabu cha jiometri, kwa ajili ya wanafunzi ambao, kwa maneno yake, wamefundishwa kuogopa kabla ya kufundishwa kuhesabu. Hakukiandika kwa njia ninayoijua mimi, ya kuandika na kuona palepale unachoandika. Alitumia LaTeX, ambayo yeye aliitamka "latek" na mimi niliiita uchawi. Huko huandiki ukurasa. Unaandika maagizo ya ukurasa: hapa anza sura, hapa weka mchoro, hapa itaje ile kanuni ya juu. Kisha unayapitisha maagizo, na ukurasa unatoka umepangwa, namba zote mahali pake.

Ndani ya programu yake ya kuandikia alikuwa amepachika kiongezo cha kazi hiyo, na kiongezo hicho kilikuwa kama mkono wake wa tatu. Skrini iligawanywa kati: kushoto maagizo, kulia ukurasa. Juu kulikuwa na pembetatu ndogo ya kijani. Ukiibonyeza, maagizo yanapitishwa. Ukibofya neno ukurasani, kinakupeleka kwenye mstari uliolizaa. Ukianza kuandika agizo, herufi mbili tu, kinashusha orodha ya yale unayoweza kuwa unayataka, nawe unachagua.

"Kwa hiyo hicho ndicho kinachofikiri," nilimwambia siku moja.

"Kinanikumbusha tu," akasema. "Kufikiri nafikiri mwenyewe."

Mambo haya niliyajua bila kutaka, kwa sababu alizungumza na kompyuta yake kutwa nzima. Nililolijua zaidi ni sheria yake ya mara mbili. Mara ya kwanza mashine inapita ikikusanya habari: mchoro huu uko wapi, ule una namba gani. Inakuwa haijajua bado, kwa hiyo kila palipotajwa mchoro inaweka alama mbili za kuuliza. Mara ya pili inarudi na yale iliyoyakusanya, na maswali yanageuka namba. Kompyuta nyingine hufanya yote kwa mpigo mmoja, lakini yake ilikuwa inahema, ndiyo maana aliipangia ipite mara moja moja. Na kabla ya jambo la maana, kama kumpelekea mchapishaji sura mpya, alianza kwa kufagia. Kiongezo kilikuwa na agizo la kufuta mabaki ya mapito yote ya nyuma, ili namba zihesabiwe upya kabisa. Alifagia, akapitisha, akatazama maswali yametapakaa kitabu kizima bila kupepesa macho, akapitisha tena. Nililielewa hilo upesi kwa sababu nami nashona. Mshono wa begani unapitishwa mara mbili. Ule wa kwanza ni wa kushikiza.

Jambo jingine nililijua kwa kuchungulia. Kila mchoro hupewa lebo, yaani jina la ndani lisilochapishwa. Msomaji ataona "Mchoro 9" basi, hatajua mwandishi aliuitaje jikoni kwake. Wifi yangu aliipa michoro yake majina ya watu wa nyumbani. Duara lilikuwa "dereva", kwa sababu mumewe anaendesha lori la saruji na maisha yake yote ni magurudumu. Pembe butu, ile iliyofunguka kupita kiasi, ilikuwa "wifi-mdomo". Nilipoliona jina hilo kwenye orodha nilimnunia mpaka jioni, kisha nikacheka peke yangu mpaka sindano ikanichoma.

Mchoro wa tatu ulikuwa ngazi iliyoegemea ukuta, na lebo yake ilikuwa "kaka". Nilimuuliza kulikoni, maana kaka yake namfahamu: mkaguzi wa mahesabu, mtu wa viatu vinavyong'aa, ambaye hata akiketi kwenye kochi anaketi kama yuko ofisini. Akanisimulia. Walipokuwa wadogo paa la kwao lilivuja, baba yao akiwa safarini. Yeye ndiye aliyekuwa mwepesi, akapanda kuziba kwa kipande cha bati huku mvua inamwagika, na kaka yake akashika ngazi. Matope yalimmeza yule mtoto mpaka vifundoni, ngazi ikamkandamiza kifua, lakini hakuiachia mpaka dada yake alipomaliza na kushuka. Chini ya mchoro wifi aliandika: "Pembe hii haibadiliki, mradi mguu wa ngazi usiteleze." Nikamwambia hiyo si jiometri, ni salamu. Akaniambia nishone.

Kiharusi kilimkuta mezani hapohapo. Nilikuwa natunga uzi, nikasikia vidole vimenyamaza katikati ya mstari. Nilimtania kwamba leo hesabu zimemshinda. Hakujibu, na wifi yangu si mtu wa kuachia utani upite bila kodi. Nilipogeuka, mdomo wake ulikuwa umekwenda upande, na mkono wa kulia umelala juu ya vitufe, skrini inajaa herufi moja mstari baada ya mstari.

Alirudi kutoka hospitali na sauti moja tu, "ta". Akitaka maji ni ta, akitaka kugeuzwa ni ta, akikasirika ni ta. Daktari alituambia kwamba anaelewa mengi, pengine yote, ila njia ya kutokea maneno imeziba. Hata kalamu akipewa mkono wa kushoto, neno lenyewe halipatikani la kuandikwa. Ni rahisi kulisikia hilo ukiwa hospitalini na ukaitikia kwa kichwa. Nyumbani ni jambo lingine. Nyumbani ni mwanamke aliyekuwa akinichamba tangu asubuhi, sasa ananitazama kwa macho yaleyale makali na hawezi kuniambia hata kwamba uji ni wa moto.

Nilijaribu kila kitu. Nilimletea picha za vyombo na matunda nikamwonyesha moja moja, akafumba macho kwa aibu, maana mwalimu mzima anafundishwa picha ya kijiko. Nilimpa ubao na chaki, akachora vijistari vilivyopotea njia, kisha akautupa ubao ukapasuka. Wageni walikuja wakazungumza juu ya kichwa chake kana kwamba ni kabati. Mmoja alisema mbele yake kwamba afadhali Mungu angemchukua mapema. Nilimshika mkono nikamsindikiza hadi barabarani, na niliyomwambia huko sitayaandika hapa. Mdogo wangu akirudi safari alikaa kitandani, akashika ule mkono uliokufa, akatazama sakafu. Mdogo wangu si mtu wa maneno hata siku njema. Hawakujaliwa watoto, kwa hiyo hapakuwa na wa kutupokea zamu. Maji yalikuwa yamezidi unga, na nilikuwa nimekata tamaa, nalisema bila kupamba.

Ndipo Mkaguzi, yule kaka yake, akaja kumwona. Alisimama miguuni pa kitanda akauliza, "Dada, unanijua?" Wifi alijikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Ta, ta, ta, machozi yakimshuka hadi masikioni. Mkaguzi alidhani anapayuka tu. Alitoka nje, na kupitia dirishani nilimwona nyuma ya gari lake, mabega yanatikisika. Simchukii yule bwana. Lakini juma lile akapiga simu kwamba Jumamosi atakuja kumchukua. Mdogo wangu yuko barabarani siku zote, alisema, mimi nina nguo za watu, na kwake kuna chumba cha nyuma na mtu wa kumlisha na kumwogesha. Akili imekwenda, alisema, tusijidanganye. Sasa ni kumtunza mwili tu.

Mdogo wangu alimjibu ndiyo, shemeji, sawa, shemeji. Nilimnyang'anya simu. Nilimwambia Mkaguzi kwamba dada yake yumo ndani mzima, na kumpeleka akakae kitandani akilishwa kama kinda ni kumzika akiona. Mkaguzi akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniua, kwamba Jumamosi atamuuliza swali moja tu: yeye ni nani. Akimjibu kwa namna yoyote, kwa kichwa, kwa kidole, kwa lolote, ataondoka peke yake.

Mfa maji hukamata maji. Baada ya simu ile nilikizungusha kiti chake cha magurudumu mpaka mezani, upande wake wa kushoto, nikawasha kompyuta. Sikuwa na mpango. Nilitaka tu akae mahali pake, akiondoka aondoke akitokea hapo. Mwanzoni aligeuza uso. Cherehani ikaanza kunguruma, kwa sababu nilikuwa na sketi za kumaliza, na baada ya muda nikasikia kitufe kimoja kikigongwa. Kisha kingine.

Mkono wa kushoto ulikuwa mzito na mwoga. Lakini alianza agizo la kutaja mchoro, herufi moja na ya pili, na kiongezo kikashusha orodha ya lebo zote alizowahi kuzitoa. Maneno yaliyokataa kuja akiyaita yalikuwa yamejipanga mbele yake, yanamsubiri ayatambue. Na kuyatambua aliweza. Nilimwona akishuka nayo polepole, anapita "dereva", anapita "jirani-kuku", akasimama kwenye "wifi-mdomo". Akachagua. Akanitazama, na upande mzima wa mdomo wake ukajikunja kwa ile dharau ninayoijua.

Nililia nikaharibu sketi ya mtu.

Mdogo wangu aliporudi tulimjaribu naye. Akasimama mbele ya mkewe, kofia mkononi kama mtu aliyeitwa na polisi, na wifi akachagua "dereva". Hakuwa amefagia, kwa hiyo kwa pito moja tu ukurasa ukaandika "Tazama Mchoro 5", duara. Mdogo wangu alikaa chini sakafuni palepale. Nikamwambia Jumamosi tumeshinda, na yeye kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uingie alicheka, akasema shemeji yake akiambiwa yeye ni ngazi sijui atakaa wapi.

Sikulala vizuri siku zile kwa furaha, na furaha ni mshauri mbaya. Sikufikiria kumweleza Mkaguzi mambo yanavyokwenda kabla hajafika. Nilidhani mwenye macho haambiwi tazama.

Jumamosi alifika na gari lake, na kiti cha nyuma kilikuwa kimekwisha kutandikwa godoro na shuka safi. Godoro hilo ndilo lililonichefua. Mtu anayekuja kuuliza swali haji na godoro. Nilimwambia hivyo mlangoni, tena kwa sauti, na ndiyo sababu hakunisikiliza tena baadaye. Mkaguzi alinisalimia kwa adabu, akapita, akavuta kiti karibu na dada yake. Wifi alikuwa amekaa mezani, nywele nimemsuka vizuri, gauni la kola nililomshonea mwenyewe. Skrini ilikuwa wazi mbele yake.

"Dada," akasema, neno moja moja, kama anayezungumza na mtoto aliye mbali. "Mimi ni nani?"

Wifi hakumtazama. Alitazama skrini, na mkono wa kushoto ukaanza kazi. Nilimwona anakwenda kwenye agizo la kufagia, nikataka kumzuia, nikajizuia mwenyewe. Ilikuwa desturi yake. Mgeni wa maana amekuja, swali la maana limeulizwa, na mwanamke huyu hakuwahi maishani kumpa mtu wa maana kitu kilichopitishwa juu ya mabaki. Akafagia. Kisha akaandika zile herufi mbili zinazomletea "Tazama Mchoro", orodha ikashuka, kidole kikashuka nayo, taratibu, jasho limemtoka juu ya mdomo. Akachagua. Akabonyeza pembetatu ya kijani.

Kompyuta ikahema. Ukurasa ukatoka. "Tazama Mchoro ??"

Mkaguzi aliinama kusoma. Akaushika mshale, akashuka kurasa za kitabu, na kila ukurasa ulikuwa vilevile: kama Mchoro ?? unavyoonyesha, rejea Mchoro ??, linganisha na Mchoro ??. Kitabu kizima kilikuwa kinauliza. Nilimwona uso wake ukibadilika, na haukuwa uso wa mtu aliyeshinda. Ulikuwa uso wa mtu aliyekuwa na tumaini dogo mfukoni na sasa amelipoteza.

"Hata yeye mwenyewe anauliza," akasema.

Mkono wa wifi ulikuwa unarudi kwenye pembetatu ya kijani. Ulikuwa njiani, nauona hata sasa. Mkaguzi akaudaka hewani kwa mikono yake miwili, akaubusu, akauweka mapajani mwake. "Basi, mama. Basi. Umechoka. Hakuna atakayekuuliza tena." Kisha akaifunga kompyuta.

Nilisema yote niliyoyajua. Nilisema haipitishwi mara moja, inapitishwa mara mbili, ya kwanza ni ya kushikiza, mwache amalize. Lakini niliyasema yamechanganyika na godoro, na chumba cha nyuma, na ukaguzi wake, na watu wanaohesabu kila kitu wasielewe kitu. Wifi alikuwa ameanza kupiga kelele, ta moja ndefu isiyokatika, na kelele yake ikanifanya nipaze yangu. Mkaguzi alinitazama kwa huruma. Alisema ananishukuru kwa yote niliyomtendea dada yake, lakini shemeji, hata wewe umechoka, unaona unachotaka kuona.

Nilimgeukia mdogo wangu. Alikuwa amesimama ukutani na begi la mkewe mkononi, begi alilolipanga asubuhi ikitokea haja. Walimwinua yule mwanamke, mmoja huku na mmoja huku, na mguu wake mzuri ukajifunga kwenye mguu wa meza. Mdogo wangu, mume wake, ndiye aliyeinama akaufungua.

Nilibaki na meza. Sijawahi kuiona ndefu namna ile. Nilisikia mlango wa gari, nikasikia ta ikizibwa na kioo. Nilikuwa nimeshika mkasi na sijui nilitaka kukata nini. Nikauweka chini. Nikaifungua kompyuta, na kidole changu, ambacho kilikuwa hakijawahi kuigusa pembetatu ile hata siku moja kwa sababu kingekatwa, kikaibonyeza.

Ilihema zaidi ya mara ya kwanza, au mimi ndiye niliyekuwa nahema. Nje injini iliwaka. Halafu ukurasa ukajitikisa, maswali yakaondoka, na namba zikakaa mahali pake kitabu kizima. "Tazama Mchoro 3."

Nikachomoa waya nikakimbia. Mlangoni niligongana na mdogo wangu, amesimama tu barazani na mikono mitupu. Nikamwekea skrini mbele ya uso. Alisoma. Yule mtu anayetafuta ruhusa hata ya kukohoa alishuka ngazi za baraza, akazunguka, akasimama mbele ya gari, viganja vyake viwili vimelala juu ya boneti.

"Shemeji, subiri," akasema. "Mke wangu hakuwa amemaliza."

Mkaguzi alishusha kioo. Nadhani alitaka kutuambia jambo la busara, lakini nilikuwa nimekwisha kuiingiza kompyuta dirishani, nusu juu ya usukani, na skrini yenyewe ilikuwa inaanza kufifia. Sikubishana. Nilimwonyesha ile namba tatu. Nikaibofya, na ukurasa ukaruka mpaka kwenye ngazi iliyoegemea ukuta. Nikabofya ngazi, na upande wa kushoto ukaruka mpaka kwenye mstari ulioizaa, na hapo palikuwa na lebo, imeandikwa na mkono wake wa kulia ulipokuwa hai: kaka.

Alisoma maneno ya chini ya mchoro. Aliyasoma akichezesha midomo, kama watoto wanavyosoma. Pembe hii haibadiliki, mradi mguu wa ngazi usiteleze. Kisha akatazama viatu vyake vinavyong'aa, kwa muda mrefu, na sikuhitaji kuuliza alikuwa anaona matope gani.

Huko nyuma wifi alikuwa amejiinua kutoka kwenye godoro kwa kiwiko kimoja. Alipitisha mkono wa kushoto katikati ya viti, nikadhani anataka kumgusa kaka yake begani. Hakumgusa. Kidole kilipita shingoni pake mpaka kwenye skrini, kikasimama pembeni mwa ukurasa, mahali ambapo mstari mmoja ulikuwa umetokeza nje ya pambizo kwa upana wa herufi.

"Ta," akasema, kwa hasira. Akagonga pale pale, mara mbili. "Ta."

Mkaguzi aliutazama ule mstari uliotokeza. Akatoa sauti ambayo sikuweza kujua ni kicheko au kilio, akafuta uso kwa mkono wa shati kama mtu asiye na leso.

"Dada," akasema, "hata sasa?"

Skrini ikazimika. Mkaguzi akazima gari, akashuka, akaenda kumfungulia mlango wa nyuma.